Samaki wa Mwenye Dirisha

Nesi hakupenda kusalimiwa kabla boya la mshipi wake halijazama mara ya kwanza. Mtu mgeni angepita pale bwawani asubuhi, atoe shikamoo yake kwa heshima zote, na asijibiwe. Angeondoka akidhani mama yule ni kiziwi, au ana majivuno. Sisi tuliomjua tulinyamaza tukasubiri. Boya lenyewe lilikuwa kipande cha kandambili alichokichonga kwa wembe. Likishazama na kuibuka tena, ndipo alipogeuka na kuitikia salamu zote zilizorundikana nyuma yake kwa mkupuo mmoja: marahaba, marahaba wote, na watoto hawajambo? Aliuliza kana kwamba ndiyo kwanza tunafika.

Jina analo, na nasikia ni jina zuri, lakini hapa Nachingwea sijamsikia mtu akilitumia. Alihamishiwa kwetu akiwa nesi wa wodi ya wazazi, akastaafu, na akabaki kuwa Nesi. Mimi ni fundi cherehani, na nyumba yangu inapakana na yake kwa ua wa mabati. Wanangu wote walipokelewa na mikono yake. Nimemwita Nesi nikiwa nalia na nimemwita Nesi nikiwa nacheka, na nadhani ningemwita kwa jina jingine asingegeuka.

Bwawa letu liko ukingoni mwa mji, karibu mno na barabara, na usitegemee utulivu wowote pale. Upande mmoja wanawake wanafua, upande mwingine vijana wanaosha pikipiki huku redio imefunguliwa mpaka mwisho, ng'ombe wanashuka kunywa, na juu ya yote kuna mama anayekaanga mihogo. Kiangazi kikishika, magugu yanayoelea hufunika maji yote. Ukitazama kutoka barabarani utadhani ni shamba kubwa la mchicha. Ndege wanatembea juu yake bila kulowa, na chini yake, kwenye ubaridi, ndiko wanakojificha perege.

Kuwapata kuna utaratibu wake. Unalaza kichanja cha mianzi juu ya magugu, unasogea nacho mpaka penye kina, unakaa. Kisha unakata magugu kwa panga na kuyavuta kwa mti wenye kulabu mpaka maji yaonekane, tundu la kutosha kupitisha ndoo. Tundu hilo tunaliita dirisha. Hapo unashusha mshipi mfupi kutoka kwenye ufito usiozidi mkono wako, unasubiri. Samaki wenyewe si wakubwa, ni wa kuenea kwenye kikaango wawili watatu na kitunguu, lakini ni watamu, na Jumamosi vichanja vinakuwa vingi hadi watu wanapasiana vikombe vya chai bila kunyanyuka.

Nesi alipoanza kukaa pale watu walisema sana. Kwetu wanawake huvua kwa vikapu, tena kwa pamoja, madimbwi yanapokaribia kukauka. Mwanamke kukaa peke yake na ndoano, kofia ya mkeka kichwani, tangu asubuhi mpaka jua linakuwa kali, hilo hatukuwa tumeliona. Wanaume wa mtaa walinong'ona kwamba si adabu. Wakaacha kunong'ona mmoja mmoja, kadiri wake zao walivyoanza kushikwa uchungu.

Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alilidharau bwawa letu. Kwao ni Bukoba, kando ya Ziwa, na alikuwa hachoki kutukumbusha. Alisema huku kwetu tunavua kwenye beseni. Alisema perege wetu wananuka tope, na kwamba kwao samaki wa ukubwa huu hurudishwa majini na kuombwa radhi. Lakini mkaangie hao wa tope, mwekee na ndimu, uone. Alikula mpaka kichwa, akafyonza na mifupa, halafu akauliza kama wamebaki.

Hivyohivyo na safari yake ya kurudi kwao. Tangu namfahamu alikuwa anaondoka. Akistaafu tu, anaondoka. Alipostaafu ikawa mvua zikikatika. Mvua zikakatika, ikawa baada ya msimu. Katikati ya kuondoka huko akanunua kishamba na kupanda mikorosho. Nikamtania, nikamwambia mtu anayeondoka hapandi mikorosho. Akanijibu bila kucheka kwamba ameipanda kwa ajili ya kivuli.

Ulimi wake ulikuwa mkali, na sitaki kumsafisha. Wodini aliwakaripia wazazi, akawakaripia mama zao, akawakaripia na waume waliokuja mikono mitupu. Mimi mwenyewe, mimba yangu ya kwanza, alinifokea bado, nisisukume, akaniuliza kama nawahi basi. Lakini huku mdomo ukifoka, kiganja chake kilikuwa mgongoni kwangu na hakikuondoka. Nilikuwa naogopa kufa, nasema kweli, na kile kiganja ndicho kilichonifanya niamini kwamba sitakufa. Miaka mingi baadaye aliponifundisha kuvua nilimsikia akitumia maneno yaleyale. Boya lilipotikisika nikataka kuvuta, akanishika mkono.

"Bado," akasema. "Anaonja tu huyo. Mwache aonje."

Kimwera hakukijua, isipokuwa maneno aliyoyahitaji kazini. Akina bibi wa vijijini, wa huko Chunyu na kwingine, waliofika hospitali bila Kiswahili cha kutosha, walimfundisha namna ya kumwambia mtu apumue, apumzike, asukume. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo, na aliyatumia popote. Siku moja sokoni mkokoteni wa viazi ulikwama kwenye mchanga. Nesi akamwendea mwenye mkokoteni na kumwambia, kwa Kimwera na kwa ile sauti yake ya wodini, apumue kwanza, kisha asukume. Wanawake waliokuwepo waliijua sauti ile, wengine ilikuwa imewafokea wao, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mkokoteni ulitoka.

Woga hakuwa nao, au alijua kuuficha. Wakati fulani aliitwa Kilimarondo kwa mzazi ambaye hakuweza kusafirishwa. Njiani pikipiki ikasimama kwa sababu tembo walikuwa wameingia shamba la mtu, wanakula mahindi bila wasiwasi, kando kabisa ya njia. Dereva akataka kugeuza. Nesi akashuka, akakaa juu ya mzigo wake, akafungua kopo la chakula na kuanza kula. Akasema tembo nao wana njaa, wakimaliza kula, yeye na dereva watapita. Walipita, na mtoto akazaliwa salama. Mama wa mtoto yule mpaka leo, kila ufuta unapovunwa, humletea Nesi kifuko. Nesi aliutwanga ule ufuta akachanganya na ugali mgumu, na hicho ndicho kilikuwa chambo chake. Hakuna perege aliyekipita.

Sasa niseme habari ya sheria ya dirisha, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Dirisha ukiliacha halidumu. Magugu yanasogea, siku mbili tatu yamejifunga, hujui hata lilikuwa wapi. Kwa hiyo watu waligombana. Mmoja ametoka jasho kufungua, mwingine amewahi asubuhi akakaa. Mapanga yalikuwa mikononi na siku moja nusura yatumike. Nesi ndiye aliyesimama katikati, akatangaza kama anavyotangaza saa za kuona wagonjwa. Dirisha ni la aliyelifungua. Asipokuwepo, mtu mwingine anaweza kuvua hapo, lakini samaki wake wa kwanza ni wa mwenye dirisha, na ampelekee nyumbani. Akishampelekea, wanaofuata ni wake. Mtu akiumwa, akisafiri, akifiwa, dirisha lake linaendelea kumlisha. Hakuna aliyempa mamlaka hayo, na hakuna aliyeyapinga.

Ila Bakari. Bakari ndiye mkubwa wa waosha pikipiki, mwanamume mpana, mcheshi, baba wa familia. Yeye na Nesi waligombana kwa miaka. Kwanza ilikuwa sabuni. Nesi alisema povu lao linaua samaki, akawaandama mpaka wakachimba shimo la maji machafu upande wa juu, na Bakari akachimba huku akilalamika kwamba mama huyu angetaka hata ng'ombe wavae pampasi. Halafu Nesi akaenda Ruangwa kwenye harusi, Bakari akavua kwenye dirisha lake, akala samaki wote. Nesi aliporudi akapata habari. Alishuka mahali pao pa kuoshea, akaipindua ndoo ya Bakari na kukaa juu yake. Wateja wakaja, pikipiki zikapangana, Nesi amekaa tu, anatazama barabara. Mwishowe Bakari alichukua ufito akaenda kichanjani, na alikaa huko muda mrefu sana, kwa sababu siku hiyo perege nao walikuwa wamegoma. Alipomletea mmoja, mdogo wa kusikitisha, Nesi akainuka akashukuru na kwenda zake.

Mwaka huu, ufuta ukiwa mashambani, Nesi alianguka jikoni kwake. Kiharusi. Mimi na mume wangu tulimkimbiza hospitali, akanusurika kufa, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito kama si wake, na mguu ukawa wa kuburuta. Mikono ile. Nilikuwa nautazama ule wa kulia juu ya shuka, siwezi kuzuia machozi. Binti yake, Restuta, akaja kutoka Mwanza, akaacha kazi yake na watoto wake kwa mumewe, akamhudumia mama usiku na mchana. Kwa kuwa yeye alikuwepo, mimi nikapata nafasi ya kwenda Mandawa kumsaidia mama yangu mavuno. Nilikwenda nikiwa na amani. Nikachelewa huko, mama naye akaugua malaria, na niliporudi korosho zilikuwa zimeanza kudondoka.

Nikakuta mabegi sebuleni kwa Nesi. Yamefungwa kwa kamba, tayari. Restuta akanieleza kwa upole kwamba kesho yake wanasafiri. Mama hawezi kuishi peke yake, na hapa hana mtu. Alisema hivyo, hapa hana mtu, kisha akaniomba radhi, akasema anamaanisha ndugu. Sikumlaumu. Alikuwa amekonda, macho mekundu, amechoka kabisa.

Nesi alikuwa ukumbini, kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelazwa mapajani. Nilimsalimu akaitikia palepale, kama mtu asiye na boya la kusubiri, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikamuuliza kama kweli anataka kuondoka. Maneno yalikuwa yanamtoka polepole siku hizo.

"Tangu nimeanguka hakuja mtu wa bwawani hata mmoja," akasema. "Hata Bakari. Dirisha langu litakuwa lilishajifunga siku nyingi. Basi. Nikae hapa kufanya nini?"

Nikainuka kwenda jikoni nimtengenezee chai, na pale nyuma, mlangoni, nikawaona paka. Nesi hakuwahi kufuga paka. Hawa walikuwa watatu, wamenenepa, na mmoja alikuwa anatafuna kichwa cha perege.

Nikamuuliza Restuta samaki ametoka wapi. Akasema wanaletwa. Kila asubuhi kuna mtu anagonga geti na samaki mmoja kwenye mfuko, leo huyu, kesho mwingine, anasema ni wa Nesi. Wengi walitaka kuingia kumwona, naye aliwaambia mama amelala, kwa sababu daktari alisisitiza apumzike. Alipokea samaki kwa shukrani asimkwaze mtu. Lakini alishaona bwawa lenyewe, zile pikipiki na wale ng'ombe, akaogopa kumpa mgonjwa. Akawapa paka. Na mama hakumwambia, kwa sababu alijua akisikia tu neno bwawa atataka kwenda, na ataanguka tena huko.

"Restuta," nikamwambia, "hao si samaki wa kumhurumia mgonjwa. Ni haki yake."

Nikamweleza sheria ya dirisha. Niliieleza kwa sauti, nusu kwa makusudi, na nilipogeuka Nesi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika ukuta. Sijui alifikaje pale.

"Kila siku?" akamuuliza bintiye.

"Kila siku, mama."

Nesi akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku alizopoteza mtoto wodini alikwenda kulia mahali tusipojua. Alilia wima, bila kujifuta, na mimi nikalia, na Restuta akawa analia huku akisema samahani mama, nilidhani nakulinda. Kisha Nesi akapumua, akavuta kamasi, akaomba aletewe kofia yake ya mkeka.

Tulikwenda kwa bajaji. Restuta njia nzima alikuwa amemshika kiuno. Tulipotokea juu ya bwawa redio ikazimwa, na waoshaji wakasimama na vitambaa vyao mikononi. Magugu yalikuwa yamekaza kuliko mwaka wowote, kijani kitupu mpaka ng'ambo. Na pale mahali pake, mbele ya kichanja chake, maji yalikuwa yanaonekana, meusi, kingo zimekatwa upya asubuhi ileile.

Bakari akaja akijifuta mikono kwenye suruali.

"Tunalifungua kila siku kabla hatujaanza kazi," akasema. "Haya magugu yana kiburi, Nesi. Ukiyaachia kidogo tu yameshakunyang'anya."

Nesi alilitazama dirisha.

"Mmelipanua mno," akasema. "Hili dirisha, au mlango wa zizi?"

Nilifurahi kusikia ulimi ule, siwezi kueleza. Watu wakacheka, mama wa mihogo akacheka mpaka akaacha mafuta yanaungua. Bakari na Restuta wakamshika huku na huku, wakamkalisha kichanjani. Mimi nilitaka kufunga ndoano, lakini Restuta akainyakua akaifunga yeye, haraka, bila hata kutazama. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye ni mtoto wa kando ya Ziwa. Nesi akabonyeza chambo kwa vidole vya kushoto na kushusha mshipi.

Samaki wa kwanza alimkosa. Alivuta mapema, na mkono wa kushoto ulikwenda upande usiotakiwa. Akajikaripia mwenyewe, akajiuliza anawahi basi gani. Mara ya pili boya likatikisika, akaliacha. Likatikisika tena, akaliacha. Midomo yake ilikuwa inacheza, na najua alichokuwa anasema. Likazama, akavuta, na perege akatoka kwenye maji meusi akipigapiga mkia, saizi ileile ya kikaango.

Restuta akamtoa kwenye ndoano na kunyoosha mkono kwenye ndoo.

"Usimweke humo," Nesi akasema. "Mpe Bakari."

Bakari akarudi nyuma hatua moja, akasema hapana, dirisha ni la Nesi.

"Ni la anayelifungua," Nesi akasema. "Leo mimi ndiye mgeni hapa. Pokea, au nije nikae kwenye ndoo yako?"

Bakari akapokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Wengine nao wakatazama pembeni.

Restuta alikuwa amechuchumaa kichanjani, sketi imeanza kulowa pindo. Akasema taratibu kwamba basi lao ni kesho alfajiri.

"Basi lako," Nesi akamjibu, macho kwenye boya. "Watoto wako wanakusubiri. Mimi kesho nataka dirisha langu mwenyewe, dogo, la mkono wa kushoto. Pale karibu na matete, penye kivuli."

Nikamwambia Restuta kwamba cherehani yangu inaweza kukaa kwenye baraza la mama yake kama inavyokaa kwenye langu, na binti yangu mkubwa atalala humo ndani. Mama wa mihogo akasema chakula cha mchana asikihesabu. Bakari akasema mambo ya bajaji waachiwe wao. Restuta alitusikiliza mmoja mmoja. Alitazama yale matete, akamtazama mama yake, akatazama tena matete, muda wa kutosha boya kuzama na kuibuka.

Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri kwenye kichanja, na akamwomba Bakari panga.